Je, sindano ya seli shina inaotesha gegedu jipya gotini?

SWALI: Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mwanamke wa miaka 57, anaeleza kwamba goti lake la kulia limemsumbua kwa miaka kadhaa, ngazi zinamshinda, na picha ya eksirei imeonyesha kwamba goti limesagika hadi daraja la tatu kati ya manne. Daktari wa mifupa alimshauri apunguze uzito, afanye mazoezi, na ajue kwamba huko mbele huenda akahitaji goti bandia. Baadaye wakala wa safari za matibabu alimwambia kwamba India kuna sindano ya seli shina ambayo inaotesha gegedu upya na kumwepusha mgonjwa na kisu, lakini gharama yake ni kubwa kiasi kwamba anafikiria kuuza kiwanja. Anauliza kama tiba hiyo ni ya kweli, na kama inaweza kumfaa pia mpwa wake, mcheza mpira wa miaka 24, ambaye kipimo cha MRI kimeonyesha shimo kwenye gegedu la goti baada ya kuumia uwanjani.

JIBU: Mwalimu, kiwanja usikiuze kwa ajili ya sindano hiyo. Natanguliza jibu ili usilitafute chini ya maelezo, lakini naomba usome pia sababu zake, kwa kuwa tiba hii si utapeli mtupu na wala haifanyi kile ambacho wakala amekuahidi, na katikati ya mambo hayo mawili ndipo watu wengi wanapopotezea fedha zao. Utaona vilevile kwamba swali lako lina magonjwa mawili ndani yake, kwa maana goti lako na goti la mpwa wako hayaumwi kitu kimoja.

Gegedu ni tabaka jeupe linaloteleza ambalo hufunika ncha za mifupa inapokutana. Katika sehemu kubwa ya goti unene wake ni milimita mbili hadi nne tu, ingawa nyuma ya pia ya goti huwa nene zaidi. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni maji, yaliyonaswa ndani ya wavu wa nyuzi za kolajeni, na seli hai zilizomo humo ni chache mno, hazifikii hata asilimia tano ya ujazo wake. Halina mishipa ya damu wala ya fahamu. Ngozi ikikatwa hutoka damu, na damu hiyo ndiyo inayoleta seli za kufanya ukarabati; gegedu likichanika hakuna kinachokuja. Daktari mpasuaji William Hunter aliwaeleza wenzake wa London jambo hili mwaka 1743, kwamba gegedu likishaharibika halirudi, na tangu wakati huo elimu ya tiba imekuwa ikitafuta namna ya kumkosoa bila kufanikiwa sawasawa.

Kwa kuwa gegedu halina mishipa ya fahamu, maumivu unayoyasikia hayatoki kwenye gegedu lenyewe. Yanatoka kwenye mfupa ulio chini yake, kwenye utando unaotengeneza ute wa kiungo, na kwenye mfuko unaolizunguka goti. Ndiyo maana wapo watu ambao picha zao zinatisha lakini wanatembea vizuri, na wapo wengine ambao picha zao ni nzuri lakini hawalali usiku. Naomba ulishike jambo hili, kwa sababu kupunguza maumivu ni kitu kimoja na kuotesha gegedu ni kitu kingine, na matangazo mengi ya seli shina huonyesha ushahidi wa lile la kwanza kisha yakauza lile la pili. Watu wetu husema pia kwamba ute wa goti umekwisha. Mara nyingi hali huwa kinyume chake, maana goti lililosagika hutengeneza ute mwingi zaidi, mwepesi na usio na ubora, na ndiyo yale maji ambayo daktari huyavuta kwa sindano.

Sasa tuje kwenye seli zenyewe. Seli shina ni seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine, na zile zinazozungumziwa katika tiba ya magoti ziligunduliwa ndani ya uloto, yaani ile tishu laini iliyo ndani ya mifupa, na mwanasayansi wa Kirusi, Alexander Friedenstein, aliyefanya kazi Moscow katika miaka ya 1960 na 1970. Mwaka 1991 Mmarekani Arnold Caplan alizipa jina la seli shina za mesenkima, kwa sababu maabara ilionyesha kwamba zikilelewa kwa namna fulani huweza kugeuka kuwa seli za mfupa, za mafuta au za gegedu. Matumaini yote yalizaliwa hapo. Tatizo ni kwamba yanayotokea ndani ya chombo cha maabara hayatokei vivyo hivyo ndani ya goti la mtu. Majaribio ya kuzifuatilia kwa wanyama yameonyesha kwamba seli nyingi zinazochomwa kwenye kiungo hufa au hupotea katika muda mfupi, na zinazobaki hazigeuki kuwa tabaka jipya la gegedu. Kinachoonekana kuwa kazi yake halisi ni kutoa kemikali zinazotuliza uvimbe wa ndani ya kiungo. Caplan mwenyewe, mtu aliyezipa jina, aliandika mwaka 2017 akitaka wenzake waache kuziita seli shina, kwa hoja kwamba jina hilo linawafanya wagonjwa waamini kitu ambacho seli hizo hazifanyi. Sijui kama mawakala wa safari walipata barua hiyo.

Huenda pia umesikia habari za upandikizaji wa uloto unaofanyika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, kwa watoto wenye sikoseli, ukajiuliza kwa nini kule seli shina zifaulu na gotini zisifaulu. Zile ni seli za aina nyingine, zinazotengeneza damu, na zikiingizwa kwenye mshipa hujipeleka zenyewe ndani ya mifupa na kuanza kazi ambayo ndiyo kazi yake ya siku zote. Tiba ile imethibitishwa kwa miongo mingi, lakini mafanikio yake hayawezi kuwa dhamana ya sindano ya goti.

Jambo ambalo wakala hakukueleza, na ambalo ndilo la kwanza ambalo mtaalamu angeuliza, ni nini hasa kilichomo ndani ya bomba la sindano. Katika kliniki nyingi, utaratibu ni huu: mgonjwa analazwa kifudifudi, anachomwa ganzi nyuma ya nyonga, sindano nene inapenya mfupa na kuvuta uloto, uloto unazungushwa kwenye mashine kwa dakika chache ili sehemu nzito itengane na nyepesi, kisha mililita kadhaa za kilichobaki zinachomwa gotini siku hiyohiyo. Hicho huitwa tiba ya seli shina, ingawa katika uloto wa mtu mzima seli shina za mesenkima ni kati ya moja kwa kila seli elfu kumi na moja kwa kila seli laki moja zenye kiini kimoja. Sehemu kubwa ya kilichomo ni damu. Wengine hutumia mafuta yanayonyonywa tumboni, wengine hutumia bidhaa za kitovu cha mtoto mchanga, na wachache, wanaofuata utaratibu mgumu zaidi, huzikuza seli maabara kwa wiki kadhaa mpaka zifikie mamilioni. Hivi ni vitu vinne tofauti vinavyouzwa kwa jina moja, na matokeo ya kimoja hayawezi kukisemea kingine.

Utafiti ulionivutia zaidi ni mdogo tu, uliofanywa na Kliniki ya Mayo huko Florida, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2017. Walichukuliwa watu 25 waliokuwa na maumivu katika magoti yote mawili. Goti moja likachomwa maji ya uloto na la pili likachomwa maji ya chumvi, bila mgonjwa kujua lipi limepata nini. Magoti yote mawili yalipata nafuu, na nafuu yenyewe ilikuwa karibu sawa. Hii haimaanishi kwamba wagonjwa wale walijidanganya. Mtu huenda hospitali wakati maumivu yamepanda kileleni, na maumivu ya goti hupanda na kushuka yenyewe, kwa hiyo chochote utakachomchoma wakati huo kitaonekana kimefanya kazi. Ongeza matumaini, safari ndefu na fedha nyingi alizolipa, nafuu itakuwa kubwa zaidi. Ndiyo sababu ushuhuda wa jirani yako aliyekwenda akarudi anatembea, hata akiwa mtu mkweli kabisa, hautoshi kuwa ushahidi.

Mwaka 2023 yakatoka Marekani matokeo ya utafiti mkubwa zaidi, uliochapishwa katika jarida la Nature Medicine, ambamo watu wapatao 480 wenye magoti yaliyosagika waligawanywa kwa kura: wengine walipata uloto, wengine seli za mafuta, wengine seli za kitovu zilizokuzwa maabara, na kundi la mwisho sindano ya kawaida ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, ambayo ni ya bei nafuu na inapatikana hata kwetu. Baada ya mwaka mmoja hakuna seli yoyote iliyoishinda steroidi katika kupunguza maumivu, na vipimo vya MRI havikuonyesha gegedu lililoota. Mwaka 2025 wachambuzi wa Cochrane, ambao kazi yao ni kukusanya tafiti na kuzipima ubora, walihitimisha kwamba sindano hizi huenda zikapunguza maumivu kwa kiasi kidogo, takribani pointi moja katika kipimo cha sifuri hadi kumi, na kwamba ushahidi wa hata hicho kidogo ni dhaifu. Chama cha madaktari wa baridi yabisi cha Marekani kilikuwa tayari, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, kimeshauri kwa nguvu kwamba sindano za seli shina zisitumike kwa magoti yaliyosagika.

Haki inanitaka niseme pia yale yanayoitetea India. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo iliruhusu bidhaa moja ya seli zilizotolewa kwenye uloto wa watu wengine waliojitolea na kukuzwa maabara, kwa ajili ya magoti ya daraja la pili na la tatu, baada ya utafiti wa watu 146 ulioonyesha kwamba waliochomwa walipata nafuu kuliko waliochomwa dawa isiyo na seli. Lakini soma vizuri kilichosemwa kuhusu gegedu katika utafiti huo: kwa waliopata seli, gegedu halikuendelea kuharibika kama la wenzao. Hakuna aliyesema limeota upya. Kwa hiyo hata bidhaa iliyofanyiwa kazi kwa uangalifu, yenye kibali cha serikali yake, haitoi ahadi ambayo wakala wako ameitoa, na wala hakuna uhakika kwamba kliniki anayokupeleka inatumia bidhaa hiyo na si uloto uliozungushwa kwenye mashine.

Nigeukie kwa mpwa wako, kwa sababu kwake hadithi ni nyingine. Goti lako limesagika lote: gegedu limelika kwa eneo pana, mfupa wa chini umekuwa mgumu, umeota vichomozi pembeni, na utando umevimba. Goti la kijana huyo lina shimo moja lenye kingo zake, na pembeni ya shimo hilo gegedu ni zima. Kuziba shimo lenye mipaka kunawezekana, na kumefanyika kwa muda mrefu. Katika miaka ya 1980 daktari Richard Steadman wa Colorado alianzisha njia ya kutoboa vitundu katika mfupa ulio chini ya shimo ili damu na seli za uloto zipande zenyewe na kutengeneza kovu. Kovu hilo ni gegedu la nyuzinyuzi, lisilo na uimara wala utelezi wa lile la asili, yaani ni kiraka, na kwa wengi huanza kulegea baada ya miaka michache, hasa shimo likiwa kubwa. Wasweden wa Gothenburg, Mats Brittberg na Lars Peterson wakiwa mbele, walikwenda njia nyingine: walichukua kipande kidogo cha gegedu la mgonjwa mwenyewe, wakakuza seli zake maabara, kisha wakazirudisha ndani ya shimo, na mwaka 1994 walichapisha matokeo ya wagonjwa wao 23 wa kwanza. Njia hiyo imeboreshwa hadi leo. Marekani iliidhinisha toleo lake jipya, la seli zilizopandwa juu ya utando, mwishoni mwa mwaka 2016, na Uingereza mwaka 2017 iliikubali kwa mashimo yanayozidi sentimita mbili za mraba, kwa sharti kwamba goti liwe halijasagika sana. Utaona kwamba sharti hilo linakutoa wewe na kumwacha mpwa wako.

Zile zilizotumika Sweden si seli shina, ni seli za gegedu zilizokwisha kukomaa. Kwa upande wa seli shina, mfano ulio mbele ni wa Korea Kusini, ambako tangu mwaka 2012 imeruhusiwa bidhaa ya seli zinazotokana na damu ya kitovu. Hiyo haichomwi kwa sindano na mtu akaondoka; goti hufunguliwa, shimo husafishwa, vitundu hutobolewa, na seli zikiwa ndani ya jeli hujazwa humo. Ilipolinganishwa na kutoboa mfupa peke yake kwa watu 114, gegedu lililojitokeza lilikuwa bora zaidi baada ya mwaka, ingawa tofauti ya maumivu kati ya makundi hayo mawili ilichelewa kuonekana hadi miaka iliyofuata. Kwa maoni yangu, huu ndio upande wa tiba hii wenye dalili njema.

Hata hivyo, mpwa wako asianze na seli. Aanze na daktari wa mifupa anayefanya upasuaji wa goti kwa kamera, amuulize ukubwa na kina cha shimo, kama kano za ndani ya goti ni nzima, na kama mguu wake umenyooka, kwa sababu shimo likizibwa katika goti linaloyumba au katika mguu uliopinda, kiraka kitalika kama gegedu la kwanza lilivyolika. Ajue pia kwamba baada ya upasuaji wa aina hii mtu hutembelea magongo kwa wiki kadhaa na kurudi uwanjani huchukua miezi tisa hadi mwaka au zaidi. Mashimo madogo yasiyoleta maumivu mara nyingine huachwa yalivyo.

Kuhusu hatari, wauzaji hupenda kusema kwamba seli zako mwenyewe haziwezi kukudhuru. Sindano yoyote inayoingia kwenye kiungo inaweza kuingiza vijidudu, na bidhaa za kitovu zina historia mbaya zaidi: mwaka 2018 nchini Marekani watu 12 walilazwa kwa maambukizi ya bakteria baada ya kuchomwa bidhaa za damu ya kitovu, baadhi yao yakiwa yameingia kwenye viungo na damu. Kuna pia vidonge na unga wa kukoroga unaouzwa mitaani na mitandaoni kwa jina la seli shina za tofaa au za zabibu. Hivyo humeng'enywa tumboni kama chakula kingine, na sioni sababu ya kuvijadili zaidi.

Jihadhari vilevile na picha za kabla na baada. Eksirei haionyeshi gegedu. Inaonyesha nafasi iliyopo kati ya mfupa na mfupa, nasi tunakisia unene wa gegedu kutokana na nafasi hiyo. Mtu akipigwa picha amelala, uzito wake haukandamizi goti na nafasi inaonekana pana. Akipigwa amesimama, nafasi hupungua. Ikiwa picha ya kwanza ilipigwa mgonjwa akiwa amesimama na ya pili akiwa amelala, au goti likakunjwa kidogo tofauti, gegedu litaonekana limeota bila hata tone la dawa. Angalia pia picha yako mwenyewe, kwa kuwa hilo daraja la tatu lina maana tu kama ulipigwa ukiwa umesimama.

Sasa, ufanye nini? Daktari wako alikushauri vizuri, ingawa najua ushauri wa mazoezi na uzito husikika kama mtu anayefukuzwa. Watafiti wamepima na kuona kwamba kila kilo moja ya mwili inayopungua hulipunguzia goti mzigo wa takribani kilo nne katika kila hatua. Mwaka 2024 utafiti wa watu 407 wenye unene uliozidi na magoti yaliyosagika ulionyesha kwamba waliochomwa semaglutaidi, dawa ya kupunguza uzito, walipunguza takribani asilimia 14 ya uzito, na maumivu yao yakashuka kwa wastani wa pointi 42 kati ya 100, wakati waliopata dawa bandia, yaani sindano isiyo na dawa ndani yake inayotumika kulinganishia, walishuka pointi 27 hivi. Dawa hiyo ni ghali na si lazima uitumie. Nimeitaja ili uone uzito unavyohusika na maumivu yenyewe.

Kwa upande wa mazoezi, nenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia akupangie, na usiyapime kabla ya miezi mitatu kwisha. Zoezi la kuinuka kutoka kwenye kiti bila kushika kitu na kuketi tena polepole, likifanywa kwa mafungu mara tatu kwa wiki, hukaza misuli ya paja ambayo ndiyo inayolipokelea goti mshtuko. Maumivu kidogo wakati wa zoezi hayaharibu goti, ili mradi yawe yametulia kesho yake. Fimbo ishike mkono wa kushoto, upande ulio kinyume na goti linalouma. Choo cha kuchuchumaa kiwekewe kiti, na darasani usisimame kipindi kizima. Jeli ya diklofenaki ya kupaka husaidia wengi, na haina madhara makubwa kama vidonge vyake, ambavyo kwa mtu wa umri wako mwenye presha au figo dhaifu vinahitaji uangalizi. Sindano ya steroidi inaweza kukuvusha kipindi kigumu, lakini isiwe desturi: utafiti wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba waliochomwa kila baada ya wiki 12 kwa miaka miwili walipoteza gegedu zaidi ya waliochomwa maji ya chumvi.

Yote hayo yakishindwa, goti bandia lipo, na linawekwa hapa nchini, ikiwemo Taasisi ya Mifupa Muhimbili. Unaliogopa, na ni upasuaji mkubwa kweli, lakini takwimu za nchi zinazotunza kumbukumbu zinaonyesha kwamba takribani magoti 82 kati ya 100 yaliyobadilishwa yote huwa bado yanafanya kazi baada ya miaka 25. Hakuna kliniki ya seli shina inayoweza kukuonyesha takwimu za namna hiyo.

Kama bado moyo wako unaitaka India, mwandikie wakala na umtake ajibu kwa maandishi: seli zinatoka wapi, zinakuzwa maabara au zinachomwa siku hiyohiyo, ni ngapi, bidhaa hiyo ina kibali gani na kwa ugonjwa gani, na ni utafiti upi uliolinganisha seli hizo na dawa bandia kwa watu wa daraja la tatu. Muulize pia ni daktari yupi atakayekupokea hapa nyumbani endapo wiki moja baada ya kurudi goti litavimba, likawa la moto na ukashikwa na homa, kwa sababu goti la namna hiyo halingoji simu ya India. Linatakiwa kusafishwa hospitali siku hiyohiyo.